Yadi Moja ya Mwisho

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kuliona jambo hili katika viwanja vyetu vya kandanda. Timu inaanza na mpira kwa mlinda mlango wake, inapita katikati ya uwanja kama maji yapitavyo mferejini, watazamaji wamekwisha simama, lakini ikifika mbele ya lango miguu inakuwa mizito na akili inafungwa. Mashabiki humlaumu mshambuliaji, kisha kocha, na mwisho mganga. Leo nataka tulitazame jambo hilo katika mchezo mwingine kabisa, futiboli ya wenzetu wa Marekani, kwa sababu huko limepimwa kwa yadi na kwa sekunde hata halina tena mahali pa kujificha.

Swali lenyewe si langu. Ni la mzee mmoja, jirani yetu wa Magomeni, ambaye alifanya kazi ya ulinzi wa usiku katika ghala moja upande wa Chang'ombe hadi alipostaafu. Aliliuliza alfajiri ya Jumatatu, tarehe 2 Februari, 2015. Wakati ule nilikuwa bado sijaajiriwa gazetini, nikiishi kwa dada yangu. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa amerejea baada ya kuishi Houston kwa miaka saba, na miongoni mwa mizigo aliyorudi nayo yalikuwamo mapenzi makubwa ya mchezo huo wa watu wenye kofia ngumu na mabega ya kubandika. Fainali yao, iitwayo Super Bowl, huchezwa Jumapili jioni kwa saa za kwao. Kwetu huwa ni saa 8:30 za usiku. Basi tulikesha. Dada alituangalia mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake kulala.

Ilipokaribia saa 12 asubuhi, daladala za kwanza zimekwisha anza kupiga honi, Mzee akabisha hodi akitoka zamu. Tukamwamkia, tukampa kiti na kikombe cha chai. Akatazama televisheni kwa muda, kisha akauliza mambo yalivyo. Shemeji akamweleza kwa haraka: timu ya New England ina pointi 28, Seattle ina 24, mpira wanao Seattle, zimebaki sekunde 26, na kutoka mpira ulipo hadi mstari wa goli ni yadi moja.

"Yadi moja tu?" Mzee akauliza.

"Moja, Mzee."

Hakuwahi hata kuunywa mkupuo wa pili wa chai. Mpira ulirushwa, kijana mmoja wa New England akaruka mbele ya aliyekusudiwa, akaunyakua, mchezo ukawa umekwisha. Shemeji akashika kichwa kwa mikono miwili. Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema: "Hao wametoka mbali kote kule, leo wanashindwa kuvuka hatua moja? Hao wamerogwa." Hakuna kati yetu aliyemjibu. Mimi sikuwa na jibu, na shemeji hakuwa na sauti.

Miaka 10 ikapita. Mwezi Mei, 2025 zikaja habari kwamba wenye timu za ligi ya kulipwa ya Marekani wamekutana kupiga kura juu ya yadi hiyo hiyo ya mwisho, kama timu iruhusiwe kuivuka kwa kusukumana au isiruhusiwe. Nikamkumbuka Mzee. Nikaona ni aibu mtu mwenye stashahada ya uandishi wa habari kukaa na swali la jirani muongo mzima bila kulijibu.

Kwanza tuuone uwanja, maana bila uwanja hakuna tutakachoelewana. Kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili ni yadi 100, na upana ni yadi 53 na theluthi. Yadi yenyewe ni ile ile ambayo kina mama wanaijua kwa muuza vitambaa wa Kariakoo: sentimita 91, pungufu kidogo ya mita. Nyuma ya kila mstari wa goli kuna ukanda wa yadi 10, na baada ya ukanda huo ni nje. Kila upande una watu 11. Wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 mbele. Wakifaulu wanaanza kuhesabiwa upya, wasipofaulu mpira unakwenda kwa wapinzani. Mchezaji akiuvuka mstari wa goli akiwa na mpira mikononi, au akiudaka ndani ya ule ukanda, timu yake inapata pointi 6 na nafasi ya kupiga teke la kuongeza moja. Wakiona mambo magumu wanaweza kuupiga mpira kwa mguu upite juu kati ya nguzo mbili, wakapata pointi 3.

Anayeshika usukani anaitwa kotabeki. Kila jaribio linapoanza mpira unafika kwake. Ama atampa mkimbiaji mkononi, ama ataurusha kwa mpokeaji, ama atakimbia nao mwenyewe. Hayo yanatutosha kwa leo, ingawa shemeji akiyasoma atasema nimemwua ng'ombe nikaleta kwato.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la sita ataiweza. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, mbele ya washambuliaji kuna yadi 50 hadi mstari wa goli, pamoja na zile 10 za ukanda. Yadi 60 kwa upana wa 53 na theluthi ni yadi za mraba 3,200. Hilo ndilo shamba ambalo walinzi 11 wanapaswa kulilinda, kila mmoja akiangukiwa na yadi za mraba 290 hivi. Ni kazi ngumu, na ndiyo maana timu yenye kotabeki hodari inaweza kulipita shamba hilo ikichuma itakavyo. Lakini mpira ukifika yadi moja kutoka mstarini, mbele kumebaki yadi 11 tu: ile moja na 10 za ukanda. Zidisha kwa upana, utapata kama yadi za mraba 587. Wagawie walinzi wale wale 11, kila mmoja anabaki na yadi 53, yaani kama mita za mraba 45, ukubwa wa kijumba cha vyumba viwili na sebule. Mlinzi ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa anachunga mbuga, sasa anachunga nyumba yake.

Nilipomweleza Mzee hesabu hii, hakuhitaji kalamu. Alinikumbusha kwamba katika ghala lao, usiku wa kulinda ua mzima walihitajika watu wanne na mbwa, na bado wezi waliwahi kupenya. Lakini mlango wa chumba cha fedha aliulinda peke yake, kwa kiti na rungu, na hakupita mtu.

Kupungua kwa ardhi kunaleta balaa jingine. Katikati ya uwanja, silaha kubwa ya washambuliaji ni hofu ya kupigwa kwa nyuma. Wapokeaji wao ni watu wenye mbio za ajabu. Wakimpita mlinzi hatua mbili tu, mpira ukirushwa juu wataukuta mbele na hakuna wa kuwafikia. Kwa hiyo walinzi wawili wa nyuma hulazimika kusimama mbali, yadi 15 au zaidi, wakilinda kisogo cha wenzao. Karibu na goli hofu hiyo inakufa. Mpokeaji akikimbia yadi 11 amekwisha toka nje, na mpira atakaoudaka huko ni kazi bure. Mstari wa nyuma wa ukanda umekuwa mlinzi wa 12, mlinzi asiyechoka, asiyedanganyika na asiyeweza kupewa adhabu. Na wale walinzi wawili waliokuwa wamerudi nyuma kwa hofu wanaondoka huko, wanakuja mbele kusongamana na wenzao.

Hapo ndipo hesabu ya watu inapogeuka, na nadhani hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe. Kotabeki akimpa mkimbiaji mpira, yeye mwenyewe anakuwa mtazamaji. Mkimbiaji naye anabeba mpira, hawezi kujifungulia njia. Wanabaki watu tisa wa kufungua njia dhidi ya walinzi 11. Katikati ya uwanja upungufu huo hauonekani, kwa kuwa walinzi wawili wako mbali na vurugu. Kwenye yadi ya mwisho wote 11 wamo mlangoni. Kila mfungua njia hata akimwangusha mtu wake, bado kuna wawili ambao hawana mtu wa kuwagusa. Jitu lenye nguvu kiasi gani litawapita wote wawili, tena bila nafasi ya kuchukua kasi?

Timu ya Cincinnati ilijifunza somo hilo tarehe 24 Januari, 1982, katika fainali iliyochezwa Pontiac, Michigan. Walikuwa nyuma kwa pointi 20 kwa 7 dhidi ya San Francisco, lakini katika kipindi cha tatu cha mchezo waliamka, wakauburuta mpira hadi yadi tatu kutoka goli. Walikuwa na majaribio manne na mkimbiaji aitwaye Pete Johnson, pande la mtu la kilo zaidi ya 110. Jaribio la kwanza Johnson akasogea yadi mbili, ikabaki moja. La pili Johnson tena, akagonga ukuta. La tatu wakabadili ujanja, wakamrushia mpira Charles Alexander pembeni kidogo. Akaudaka akiwa amekaribia kuugusa mstari, na mlinzi Dan Bunz akamkumbatia palepale, akamrudisha nyuma, akamwangusha. Bunz hakuhitaji kukimbia, maana Alexander alidaka mpira mlangoni kwa Bunz. La nne, Johnson kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine ukuta.

Mchezo ulipokwisha San Francisco walikuwa na 26 na Cincinnati 21. Sasa tazama jambo lililonishangaza mimi zaidi ya hayo: kwa jumla ya mwendo wa siku ile, walioshindwa ndio waliosogea zaidi, yadi 356 kwa 275 za washindi. Mtu aliyezitazama takwimu hizo tu bila matokeo angesema kombe limekwenda Cincinnati. Yadi zilikuwa nyingi, ila hazikuwa za bei moja. Zile za katikati ziliuzwa kwa jumla, na ile ya mwisho kwa rejareja, kwa bei ya mwenye duka.

Mfano wa pili ni wa Atlanta, tarehe 30 Januari, 2000, na ningependa wanaolaumu wachezaji upesi wautazame kwa makini. Tennessee walikuwa nyuma ya St. Louis kwa pointi 23 kwa 16. Zilibaki sekunde 6 na yadi 10. Kotabeki Steve McNair akamrushia mpira Kevin Dyson, aliyekuwa anakatiza kuelekea katikati. Dyson akaudaka vizuri kabisa, amegeuza uso golini, hatua chache tu. Mbele yake hapakuwa na mtu aliyepangiwa kumzuia. Lakini mlinzi Mike Jones, ambaye alikuwa anamfuata mshambuliaji mwingine, aligeuza shingo, akaona, akaacha wa kwake, akamrukia Dyson miguuni. Dyson akaanguka huku amenyosha mkono wenye mpira kuelekea mstarini, mkono wote, hadi vidole. Ikabaki kama yadi moja, na saa ikaisha.

Dyson hakukosea chochote na McNair hakukosea chochote. Kama jambo lile lingetokea katikati ya uwanja, Jones angekuwa amevutwa na mtu wake yadi 20 mbali, na kugeuka kwake kusingemsaidia kitu. Alimpata Dyson kwa kuwa pale golini kila mtu ni jirani wa kila mtu. Mtu anaweza kukosea mlango akajikuta amefika nyumbani.

Turudi sasa kwenye alfajiri yetu ya 2015, maana najua Mzee anasubiri, na shemeji pia hajasamehe.

Seattle walifika yadi tano kutoka goli kwa bahati ya ajabu: mpokeaji Jermaine Kearse aliangukia mgongo, mpira ukamdundadunda miguuni, akaudaka akiwa amelala. Mlinzi aliyekuwa naye, aliyeugusa mpira huo na bado ukadakwa, alikuwa kijana aitwaye Malcolm Butler. Mkumbuke. Jaribio la kwanza Seattle wakampa mpira Marshawn Lynch, mkimbiaji aliyekuwa tishio kwa ligi nzima, akasogea yadi nne. Ikabaki moja. Hapo kila mtu duniani, pamoja na dada yangu ambaye alikuwa ameamshwa na kelele zetu, alijua kwamba Lynch atapewa tena. Kocha Pete Carroll akaamuru mpira urushwe.

Kwa miaka mingi uamuzi huo umeitwa upumbavu mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo ule. Mimi siungi mkono, na nitaeleza kwa nini. Zilibaki sekunde 26, majaribio matatu, na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Katika futiboli ile mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea. Lakini mpira uliorushwa ukaanguka chini bila kudakwa, saa inasimama yenyewe. Kama wangekimbia na kuzuiwa, wangelazimika kuitumia ruhusa yao ile pale pale, na jaribio la tatu lingekuwa la kubahatisha. Wakirusha kwanza na kukosa, saa inasimama bure, ruhusa bado wanayo mfukoni, na Lynch anaweza kupewa mara mbili zilizobaki. Teke la pointi 3 halikuwa na faida, kwa kuwa walikuwa nyuma kwa 4. Isitoshe, New England walikuwa wamejaza majitu ya mstari wa mbele kumsubiri Lynch. Carroll alihesabu, na hesabu yake ya saa ilikuwa sahihi.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa mahali alipouelekeza mpira. Aliurusha ndani, katikati ya msongamano, mahali ambapo kama tulivyoona nafasi ni haba kuliko zote. Mbinu yenyewe ilikuwa hivi: Kearse asimame mbele na kumzibia njia mlinzi, na nyuma yake Ricardo Lockette akatize kwa ndani apokee mpira. Lakini mlinzi Brandon Browner, mtu mrefu mwenye nguvu, alimshika Kearse pale pale mstarini, hakumwachia nafasi ya kumzibia mtu yeyote. Njia ikawa wazi. Si kwa Lockette; kwa Butler.

Na Butler huyo ni nani? Alikuwa mtoto wa Vicksburg, Mississippi. Alipofukuzwa katika timu ya chuo chake cha kwanza alifanya kazi katika mkahawa wa kuku wa kukaanga, akarudi masomoni, akamalizia chuo kidogo cha West Alabama. Timu zote zilipochagua vijana wapya mwaka 2014, hakuna iliyomchagua. Aliingia New England kwa majaribio. Siku ya fainali hakuanza mchezo. Siku chache kabla, katika mazoezi, wenzake walimwigizia mbinu hiyo hiyo ya Seattle, naye alichelewa, mpira ukadakwa mbele yake. Kocha Bill Belichick akamwambia mahali anapotakiwa kuwahi. Basi alipowaona Kearse na Lockette wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, alitambua anachokitazama. Russell Wilson alipoinua mkono kurusha, Butler alikuwa ameanza safari. Yadi mbili tatu tu za kukimbia, na zilitosha. Katikati ya uwanja asingefika.

Tena utaniwia radhi, ndugu msomaji, kwa kuongeza jambo moja ambalo watu hulisahau. New England walipoupata mpira, nao walikuwa kwenye yadi ile ile moja, safari hii wakiipa kisogo. Sheria ni kwamba wenye mpira wakiangushwa ndani ya ukanda wao wenyewe wanatoa pointi 2 na mpira juu yake. Kotabeki wao, Tom Brady, hakuwa na hata nafasi ya kupiga goti salama. Aliyewaokoa ni mlinzi wa Seattle, Michael Bennett, aliyeruka mstari kabla ya wakati. Adhabu ikawasogeza New England mbele yadi tano, wakapumua. Yadi ile iliwanyima Seattle, na dakika hiyo hiyo ikawabana waliookolewa nayo.

Je, hakuna dawa? Ipo, na inatokana na hesabu ile ya watu tisa na 11. Kotabeki akibeba mpira mwenyewe, mtazamaji anatoweka. Wanabaki wenzake 10 wa kufungua njia. Tarehe 31 Desemba, 1967, huko Green Bay, Wisconsin, baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na ardhi imeganda kama saruji. Green Bay walikuwa nyuma ya Dallas kwa 17 kwa 14. Sekunde 16, pungufu ya yadi moja, na ruhusa zote za kusimamisha saa zimekwisha. Mkimbiaji wao alikuwa ameteleza mara mbili. Kotabeki Bart Starr akamwambia kocha Vince Lombardi kwamba ataingia mwenyewe. Mfungua njia Jerry Kramer na mwenzake Ken Bowman wakamsukuma mlinzi mmoja wa Dallas, Starr akajipenyeza nyuma yao, akaanguka ndani ya goli. Wakashinda 21 kwa 17.

Iko picha mashuhuri ya tukio hilo. Nyuma ya Starr anaonekana mkimbiaji Chuck Mercein, mikono juu, kama mtu anayeshangilia. Hakuwa anashangilia. Alidhani mpira atapewa yeye, akaja kwa kasi, na alipoona Starr ameuweka mwenyewe aliinua mikono ili mwamuzi aone kwamba hamsukumi, maana siku zile kumsukuma mwenye mpira kulikatazwa.

Katazo hilo liliondolewa katikati ya miaka ya 2000, na watu hawakulitia maanani hadi Philadelphia walipolifanyia kazi. Tangu mwaka 2022 wamekuwa wakiipita yadi ya mwisho hivi: kotabeki Jalen Hurts, mwenye mapaja kama vinu, anainama nyuma ya majabali wake wa mbele, na nyuma yake wanasimama wenzake wanaomsukuma makalioni kama utingo na abiria wanavyosukuma basi lililozimika. Hesabu imegeuka: hakuna mtazamaji tena, na yule ambaye angekuwa mkimbiaji amekuwa msukumaji. Wapinzani wakaona hakuna mlango unaostahimili, wakaomba mchezo huo upigwe marufuku. Katika kura ile ya Mei 2025 zilitakiwa timu 24 kati ya 32. Zikapatikana 22, pendekezo likaanguka. Na timu iliyopeleka pendekezo hilo, sikutunga, ni Green Bay.

Nilimpelekea Mzee maelezo haya yote Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, pamoja na kipande cha karatasi nilichochorea uwanja. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Na yule kijana wa kuku, alirudi kukaanga?"

Nikamwambia hapana. Msimu uliofuata Butler alikuwa mlinzi wa kutegemewa, na Februari 2017 akachukua kombe tena. Lakini fainali ya Februari 2018 aliwekwa benchi karibu mchezo mzima, kwa sababu ambayo kocha hakuifafanua. New England wakafungwa 41 kwa 33.

"Na nani?"

"Philadelphia, Mzee."

Akafumbua macho. "Hao wanaosukumana?"

"Wakati ule walikuwa hawajaanza kusukumana."

Mzee akalichukua karatasi langu, akalitazama upande mmoja, akaligeuza juu chini ili ukanda wa goli uwe upande wake, akauliza kama nina kalamu. Alitaka anionyeshe mahali ambapo yeye angeweka kiti.